Land Cruiser au Jimny? Ubishi wa leo Mau Narok

Wadau, mvua ya jana usiku imeigeuza barabara ya mashambani kuwa uji.

Tumetoka Nakuru asubuhi na magari mawili: Land Cruiser 79 ya mjomba, pikapu kubwa ya Toyota, na Jimny ya rafiki yangu, kigari kidogo cha Suzuki. Njia nzima ni kubishana. Mjomba haambiliki. Anasema Cruiser yake ina injini ya 1HZ, dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina kompyuta, fundi yeyote wa kijijini anaifungua. Hapo ana haki kabisa.

Basi tukafika kwenye udongo mweusi.

Cruiser ikazama hadi ekseli. Jimny ikapita kando yake polepole, kama haijaona kitu.

Nikashuka kuangalia alama za tairi. Za Jimny, kina cha kidole. Za Cruiser, buti langu liliingia lote, maji yakajaa ndani. Jimny ina kilo 1,100 hivi, Cruiser inapita tani 2. Uzito ndio uliosema.

Lakini ngojeni.

Mjomba alipunguza upepo wa tairi, tukapanga mawe, akatoka. Kisha Cruiser hiyohiyo ikavuta lori la Canter la viazi lililokuwa limeziba njia! Jimny haina ubavu huo, tusidanganyane.

Mimi nikiwa peke yangu kwenye tope, nipeni Jimny. Nikiwa na mzigo na watu wa kuokoa, Cruiser.

Ninyi wa Molo, Londiani na Kericho, masika mnaendesha nini? Na upepo wa tairi mnashusha hadi ngapi? Mjomba anasubiri majibu hapa.