Mwanangu alivyoanza skuli ya maandalizi akiwa na miaka mitatu

Mwanangu alitimiza miaka mitatu akiwa hajui kuomba maji. Nilimpeleka hospitali, masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. Ni kwamba hakuwa na haja ya kuomba. Akinyoosha kidole kwenye mtungi, bibi yake keshashika kata. Akikunja uso, keshapakatwa. Mimi nakaanga maandazi tangu alfajiri na kuyazungusha madukani, baba yake kazi zake ziko Pemba, basi mtoto alikuwa wa bibi yake mchana kutwa: ua mmoja, mtu mzima mmoja anayempenda kupita kiasi, na televisheni ya jirani.

Huku kwetu Unguja tunasema skuli ya maandalizi, wenzetu wa Bara wanasema chekechea. Nilikwenda kwanza skuli ya serikali iliyo karibu, nikaambiwa huyu bado, wanapokea wa miaka minne. Ndivyo mpango ulivyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliyaingiza maandalizi ndani ya elimu ya lazima, lakini kwa watoto wa miaka minne na mitano. Wa mitatu anabaki kwao, au anatafutiwa pa kwenda kwa fedha.

Fedha nilikuwa nazo kidogo, na kosa langu la mwanzo lilitokana na fahari. Mtaani kulikuwa na skuli ya mtu binafsi, sare nzuri, soksi nyeupe, watoto wanahesabu kwa Kiingereza mpaka ishirini. Nikaona ndiyo hiyo. Wiki ya tatu nikapita pale saa nne bila taarifa, nikachungulia dirishani. Watoto wamebanana kwenye madawati yaliyowazidi kimo, miguu inaning'inia, kila mmoja na daftari lake, wanajaza ukurasa mzima herufi a. Wangu kaishika penseli kwa ngumi, kifua kakilaza juu ya meza. Mwalimu akapita na rula, akamgonga vidole. Hakulia. Alivirudisha tu vidole kwenye penseli. Kule kutolia kwake ndiko kulikonitoa machozi. Nikamchukua siku ile ile, na ada ya muhula ikapotea.

Mama yangu akaona maneno yake yametimia. "Nilikwambia, mwanangu. Mtoto wa miaka mitatu skuli yake ni ua wa kwao." Sikumjibu, kwa sababu nusu ya maneno yale ni kweli. Ua wa zamani ulikuwa skuli hasa. Kulikuwa na watoto kumi wa mama wadogo na shangazi, mkubwa anambeba mdogo, mnagombana na kupatana kabla ya adhuhuri. Mama alikulia kwenye ua ule. Huu wa kwetu hauna mtoto mwingine.

Aliyenifungulia njia ni mteja wangu wa maandazi. Aliniambia kuna skuli ya kijamii, inaendeshwa na kamati ya wazazi, imo katika zile zilizolelewa na mradi wa Madrasa, unaosaidia jamii kuanzisha skuli za watoto wadogo. Mradi huo ulianzia Mombasa miaka ya 1980, mwalimu wake wa mwanzo akiwa Bi Swafiya Said, ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Nilipofika sikuona dawati hata moja. Mikeka imetandikwa, na chumba kimegawanywa kona kona. Kona ya nyumba ina vijungu, ungo, mbuzi ya nazi iliyotolewa meno, na kipande cha kanga cha kumbebea mtoto wa bandia. Kona ya kujengea ina vipande vya mbao kutoka kwa seremala, vimepigwa msasa mpaka vinateleza. Vifuu, makombe ya pwani, vizibo vya chupa vilivyotungwa uzi. Ada ni ndogo, lakini kila mzazi anadaiwa kazi ya mikono, na mimi nilishona wanasesere watatu wa vitambaa.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Mwalimu aliniambia nikae na mwanangu mkekani siku tatu, kisha niondoke, lakini nisitoroke. "Muage, mama, hata kama atalia. Ukimtoroka leo, kesho hatokuachia hata uende msalani." Basi nikawa namuaga. Alilia siku tisa, nilizihesabu. Siku ya tano nikamwachia mtandio wangu, ule ninaoufunga jikoni, unaonuka mafuta na hiliki. Aliuweka mapajani asubuhi nzima. Baada ya wiki mbili niliukuta umetandikwa kwenye kona ya nyumba, wamemlaza juu yake mwanasesere mgonjwa.

Na maradhi nayo yalikuja, nisimfiche mtu. Muhula ule wa kwanza alipata mafua mara nne, na wiki moja tulikesha kwa homa. Mama alinuna kwa haki. Nilishukuru kwamba pale mlangoni pana kibuyu chirizi na sabuni, na mtoto hali uji bila kunawa.

Lakini kilichombadilisha mwanangu ni swali. Kila asubuhi, kabla watoto hawajatawanyika, mwalimu anamuuliza mmoja mmoja: "Leo utafanya nini?" Mtoto anapanga, anakwenda kufanya, na mwisho wanakaa duara kila mmoja ahadithie alichokifanya. Wangu alikuwa akinyoosha kidole. Mwalimu haendi alikoonyesha. Anamtazama usoni kwa utulivu, anasubiri. Nilikaa pale nikasikia moyo unaniuma, natamani nimjibie mimi. Ndipo nilipojua kwamba nyumbani hatukuwahi kumsubiri.

Katika mkutano wa wazazi tulielezwa kwamba utaratibu huu chimbuko lake ni mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani. Huko mwaka 1962 mwanasaikolojia David Weikart na wenzake walianza kusomesha watoto wa miaka mitatu na minne kutoka familia maskini za watu weusi. Walichukua watoto 123, wakawagawa kwa bahati nasibu, 58 wakasomeshwa na 65 hawakusomeshwa, kisha wakawafuatilia mpaka utu uzima. Alama za vipimo vya akili zilipanda mwanzo, na baada ya miaka michache tofauti ile ikafutika. Hata hivyo walipofikia miaka 40, waliomaliza sekondari katika kundi lililosomeshwa walikuwa asilimia 77, na katika lile jingine asilimia 60. Nilirudi nyumbani nikiiwaza ile herufi a. Nilikuwa nimekilipia kitu ambacho hata kingepatikana mapema, wenziwe wangemfikia. Kilichobaki kwa watoto wale ni kitu kingine, na mimi naamini ni hiki cha mtoto kujipangia jambo, kulifuata mpaka mwisho na kulisemea mwenyewe.

Nikasikia pia kwamba walimu wa kule walikuwa wakimfuata kila mtoto nyumbani mara moja kwa wiki, wakakaa naye pamoja na mama yake. Sisi hatuna mwalimu wa kutufuata, basi nikaamua kulileta swali nyumbani mwenyewe. Jioni ninapokanda unga wa kesho namkalisha kwenye kibao, namuuliza leo umefanya nini, kisha nanyamaza. Mwezi mzima nilipata neno moja moja. "Gari." "Mchanga." Usiku mmoja akasema, polepole, huku akinitazama mikono: "Nimejenga daraja. Likaanguka. Mimi na mwenzangu tukajenga tena." Niliacha unga kwenye sinia.

Sasa ana miaka mitatu na miezi tisa. Anafunga vifungo vya shati mwenyewe, anajua zamu, na akitaka maji anasema anataka maji, tena akikosa anagomba. Herufi anaijua moja, ya mwanzo wa jina lake, kaiona kwenye msumari anapotundika mkoba.

Mama hakuwahi kuniambia kwamba amebadili mawazo. Ila mwalimu alimwalika akawahadithie watoto, akenda na buibui lake jipya, na tangu siku ile anakwenda kila wiki. Juzi asubuhi nilikuwa nafunga maandazi nikamsikia barazani: "Haya, mume wangu, leo utafanya nini?" Mtoto akafikiri. Bibi yake akashika kikombe cha chai mkononi bila kukinywa, akamsubiri.