Ukoko wa birika la ofisini: usilisingizie ziwa

Birika la umeme likiota ukoko mweupe, ofisi nyingi za Mwanza hulaumu maji ya bomba. Mara nyingi yanasingiziwa. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yaani yana kalsiamu na magnesiamu kidogo: ugumu wake kwa kawaida hauvuki miligramu 60 kwa lita, na maji ya namna hiyo hayaachi chokaa ya maana. Yakija na ukijani au tope, hiyo ni kazi ya chujio.

Kwa hiyo anza na tanki. Jengo lina kisima kinachosaidia bomba? Kipindi cha mgao, boza lilichota wapi? Tanki la saruji ambalo bado jipya nalo ni mshukiwa, kwa sababu maji laini hula saruji na kuondoka na chokaa yake.

Kupima ni rahisi. Tia maji nusu chupa, kwangua sabuni ya mche kidogo, tikisa. Fanya hivyohivyo kwa maji ya mvua ili upate cha kulinganisha. Povu likigoma na utando mweupe ukielea, maji ni magumu. Usitumie sabuni ya unga wala ya kuoshea vyombo, maana hizo hutoa povu hata kwenye maji magumu. Ukitaka namba, nunua kipimo cha matone. Kile cha kalamu wanachopenda kukuonyesha wauza mitambo ya maji hupima jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka. Hakijui ipi ni kalsiamu.

Kusafisha birika: chemsha lita 1 ya maji, zima, ndipo utie taratibu vijiko viwili vya chakula vya unga wa asidi ya sitriki, kama gramu 30. Taratibu, kwa sababu chokaa ikikutana na asidi hutoa gesi na povu hupanda. Acha nusu saa, mwaga, kisha chemsha maji safi na kuyamwaga. Siki nyeupe nusu kwa nusu na maji inafaa pia, ila harufu yake hukaa kwenye chai. Jiki isikaribie kabisa: ikichanganyika na asidi hutoa gesi ya klorini.

Dispensa inataka uangalifu zaidi. Chomoa, subiri ipoe, fungua kizibo cha nyuma umwage tanki la moto. Kirudishe, jaza mchanganyiko uleule wa asidi ya sitriki ukiwa wa baridi, acha saa 1, mwaga, suuza mpaka uchachu uishe. Kabla ya kuwasha hakikisha bomba la moto linatiririsha maji. Wengi huunguza koili hapa kwa kuiwasha tanki likiwa tupu.

Ukoko wenyewe haudhuru mnywaji. Unachoharibu ni koili: joto halipiti vizuri, inapata moto kupita kiasi, umeme unajikata kila mara.

Kama kisima ndicho chanzo cha ukoko wenu, pimeni floraidi (madini ambayo yakizidi hudhuru meno na mifupa) maabara kabla ya kununua chochote. Mtambo wa kulainisha hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu tu, hauigusi floraidi, na kuchemsha huikoleza. Ikizidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na maji hayo mnayanywa, mnahitaji mtambo kama wa osmosisi kinyume, unaosukuma maji kwenye utando unaozuia chumvi, nao ufungwe kwenye bomba la kunywa pekee. Ikiwa chini ya hapo, binafsi nisingenunua mtambo: chai ichemshiwe maji ya bomba yaliyohifadhiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, ya kisima yabaki ya choo na deki.