Masta yangu ya utawala wa umma iliokolewa na watu wa ofisini

Ushauri mbovu niliopewa bado unaniuma mpaka leo. Siku naanza masta ya utawala wa umma mwenzangu kazini aliyemaliza zamani akaniambia wewe mjue profesa wako tu, wale wa ofisini kazi yao kupokea fomu. Nikamsikiliza. Mwaka mzima na nusu napita mlangoni kwa mratibu wa programu bila hata salamu.

Sasa programu nyingi za aina hii asiye na uzoefu wa utumishi wa umma lazima aende fildi, na mwenye uzoefu anaweza kuomba asamehewe. Mimi nilikuwa na miaka 7 kwenye serikali za mitaa, kitengo cha bajeti, nikajua hiyo imeisha. Nikamkamata mhadhiri mmoja kwenye korido baada ya kipindi, mkoba uko begani anataka kuondoka, nikamweleza, akasema hamna shida, wewe huihitaji. Nikaondoka nimefurahi kabisa. Nikapiga kozi zangu, takwimu, uchambuzi wa sera, usimamizi wa rasilimali watu, zote nikafaulu vizuri. Imebaki semista moja naingia kwenye mfumo kuomba kuhitimu nakuta mstari mwekundu: fildi haijakamilika.

Nilihisi miguu inaisha nguvu. Mhadhiri yuko likizo ya utafiti, barua pepe tatu ndo anajibu moja, hakumbuki mazungumzo yale. Naenda kwa msajili, foleni, naambiwa sisi tunaingiza kilichoidhinishwa tu, rudi idarani. Mkuu wa idara nikamkosa mara mbili. Na hapo ada ya semista nzima ya ziada ilikuwa inaninyemelea, hela ambayo sikuwa nayo.

Ndipo nikagonga kwa mratibu. Ukutani kwake kuna kalenda kubwa imejaa penseli, mwisho wa kuongeza kozi, mwisho wa kuacha kozi, mwisho wa kuomba kuhitimu, na pembeni majina ya wanafunzi walio hatarini kukwama. Jina langu lilikuwepo! Kumbe alishaniandikia mara mbili, sikufungua kwa sababu nilijua ni mambo ya fomu.

"Karibu dada, nilikuwa nakusubiri," akasema. Akanieleza kwamba mhadhiri anapendekeza tu, anayeamua ni kamati, na kamati inasoma karatasi. Nilinyamaza. Semista ya kwanza tulimsoma Max Weber, yule mwanasosholojia Mjerumani, kwamba urasimu unaendeshwa kwa maandishi na mafaili na kila ofisi ina mipaka ya mamlaka yake, na insha ile nilipata alama nzuri. Halafu nategemea neno la korido.

Nikatoa barua ya mwajiri, mistari minne. Akaisoma akaiweka pembeni. "Hii inasema upo kazini, haisemi unajua nini." Akachukua karatasi nyeupe akachora vyumba 5, maana programu zenye ithibati ya NASPAA, mtandao wa vyuo unaokagua ubora wa masta za utawala wa umma, zinapimwa kwa maeneo 5 ya umahiri: kuongoza na kusimamia, kushiriki kwenye mchakato wa sera, kuchambua na kutatua matatizo, kuweka mbele maslahi ya umma, na kuwasiliana na watu wa kila aina. Kila chumba niandike kazi niliyoifanya kwa mkono wangu, lini, na nani alisimamia. Nikakesha siku mbili. Nilipoandika "nilihusika na bajeti" akaikata kwa penseli akaandika pembeni: ulifanya NINI? Nikarudia: nilikusanya maombi ya fedha ya zahanati, nikayalinganisha na matumizi ya mwaka uliotangulia, nikaandaa jedwali lililojadiliwa na madiwani. Mwajiri akasaini kurasa zote. Kamati ikapitisha kikao cha kwanza tu, na nasema kwa kujidai kabisa, niliambiwa wameomba nakala ya kuwaonyesha wengine.

Tangu hapo kila ofisi nikawa naingia. Mkutubi alinifundisha kutafuta ripoti za ukaguzi za serikali, vitu nilivyokuwa nahangaika navyo wiki nzima nikavipata asubuhi moja. Na mratibu aliniwahi kwenye utafiti wa mwisho, nisimhoji mtumishi hata mmoja kabla ya kibali cha maadili, maana data za kabla ya kibali unaweza kuambiwa uzitupe zote. Nendeni mapema semista ikianza jamani, siyo wiki ya mwisho wakati kila mtu amejaa pale mlangoni, na mkiahidiwa kitu kwa mdomo andikeni barua pepe siku hiyo hiyo: "kama tulivyoongea leo..."

Nilipohitimu nikapitia kumshukuru. Jina langu kwenye kalenda lilikuwa limefutwa, alama ya raba inaonekana, na chini yake kuna mengine manne. Alikuwa kwenye simu na mmoja wao, akanionyesha kiti kwa mkono, nikakaa nikasubiri.