Buibui Niliyemwokoa Isevya

Nilikuwa darasa la tano, nikiishi kwa babu pale Isevya, Tabora. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia majani ya mwembe, na majani ya mwembe hayaishi. Siku moja ya kiangazi nikakuta nyigu mweusi wa kung'aa, mabawa rangi ya kutu, anarudi kinyumenyume huku akiburuta buibui wa manyoya aliyemzidi kwa mbali. Buibui mwenyewe kalegea kama tambara.

Nikamwonea huruma. Nilimfukuza nyigu kwa fagio, nikamsukumia buibui kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia.

Nyigu hakuondoka. Alikimbia huku na huku mchangani, mabawa yakimtetemeka, anaingia kwenye tundu chini ya ukuta, anatoka, anatafuta tena. Babu akaja kutazama. Alikuwa mrina asali, mizinga yake iko msituni njia ya Sikonge, na nyuki wakimchoma alikuwa anaung'oa mwiba huku anaendelea na maongezi. Kwa huyu alirudi nyuma hatua mbili.

"Usimchezee, mjukuu wangu. Mrudishie nyama yake."

Sikumrudishia.

Ukubwani ndipo nikasoma kuhusu nyigu wawinda buibui, familia ya Pompilidae, yenye spishi zipatazo 5,000. Wa kwetu nadhani alikuwa wa jenasi Hemipepsis. Ndugu zao wa Amerika, Pepsis, walipewa 4, daraja la juu kabisa la maumivu, na Justin Schmidt, Mmarekani aliyepima miiba ya wadudu kwa ngozi yake mwenyewe (kila mtu na kazi yake). Anayechoma ni jike tu, na sumu yake haimuui buibui, inampooza. Humfukia akiwa hai na yai moja mwilini. Buu akianguliwa humla taratibu, viungo vya uhai akiviacha mwisho ili nyama isioze.

Wakati ule mimi nilidhani amezimia tu. Kila nikitoka shule nafungua kopo. Hafi, hanuki, hainuki. Nilimwekea maji kwenye kizibo cha soda, nikamtupia na nzi. Nikimgusa, ncha ya mguu inatikisika kidogo, basi siku hiyo nalala na matumaini.

Kama siku ya sita hivi nililisahau kopo wazi barazani. Niliporudi, sisimizi walikuwa wameshajipanga mstari. Ule mguu ulikuwa bado unatikisika, na sikuweza kujua kama ni yeye au ni wao wanaouvuta.