Chupa ya zambarau

Kipimo cha damu cha TB kinachotumia seli T huja na chupa nne ndogo: ya kijivu, ya kijani, ya manjano na ya zambarau. Majibu yakimfikia daktari, macho yake hukimbilia kijani na manjano, kwa kuwa hizo ndizo zinazosema kama mwili umewahi kukutana na TB. Mimi ninayeshinda maabara huanza na zambarau. Ni nadra mgonjwa kuiulizia, na madaktari wengi huiruka, lakini kuna siku inasema jambo zito kuliko lile tulilotumwa kulitafuta.

Seli T ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Huzaliwa kwenye uboho na kukomaa ndani ya thaimasi, tezi iliyo kifuani juu kidogo ya moyo. Tezi hii ilidharauliwa kwa muda mrefu, hadi mwaka 1961 Jacques Miller alipoiondoa kwa panya wachanga na kuona wanakua bila kinga. Kila seli T hutambua kipande chake cha kitu kigeni. Ikishakutana nacho, huzaana, na baadhi ya wazao hao hubaki mwilini kwa miaka wakikumbuka. Kikirudi, hujibu upesi, na sehemu ya jibu lao ni kumwaga protini iitwayo intaferoni gama. Hiyo ndiyo tunayoipima.

Kuta za ndani za chupa ya kijani na ya manjano zimepakwa vipande vya protini mbili za bakteria wa TB, ESAT-6 na CFP-10. BCG, chanjo ya TB, haina protini hizo, na kwa nchi kama yetu hilo ni jambo kubwa. Karibu kila mtu ninayemfunga mpira mkononi ana lile kovu la BCG kwenye mkono wa kushoto. Kipimo cha zamani cha Mantoux, kinachodungwa ndani ya ngozi na kusomwa baada ya saa 48 hadi 72, huweza kudanganywa na chanjo hiyo. Hiki hakidanganywi nayo. Ya kijivu haina kitu ndani: inatuonyesha damu ya mtu inabeba intaferoni kiasi gani kabla ya kuchokozwa.

Zambarau ina maharagwe.

Kwa jina la kitaalamu ni fitohemaglutinini, nasi tunaiita PHA maana maisha ni mafupi. Hutolewa kwenye maharagwe mekundu, hayo hayo ya kwenye githeri. Ndiyo inayofanya maharagwe yasiyoiva yakutapishe na kukuendesha usiku kucha. Mchemko wa nguvu huivunja, moto wa vuguvugu hauivunji, kwa hiyo anayeharakisha sufuria ili aokoe makaa anajitafutia balaa. Ikiingia kwenye damu ndani ya chupa, PHA haichagui. Seli T inayotambua TB, inayotambua surua, isiyowahi kukutana na chochote, zote inazishika na kuziamsha.

Iligunduliwa hivyo kwa bahati. Hadi miaka ya 1950 wengi waliamini kwamba limfosaiti, kundi la chembe nyeupe ambamo seli T zimo, zikishaingia kwenye damu zimefika mwisho wa safari, hazigawanyiki tena. Peter Nowell, akifanya kazi Philadelphia, alikuwa akitumia PHA kugandamanisha chembe nyekundu ili aziondoe abaki na nyeupe tu. Akakuta hizo nyeupe zinagawanyika. Alichapisha jambo hilo mwaka 1960, na tangu hapo maharagwe hayajatoka maabara.

Kazi yenyewe haina maajabu. Kila chupa hupata mililita moja ya damu, mpaka kwenye mstari mweusi wa pembeni. Kisha unazitikisa mara kumi. Hapo ndipo wanafunzi wa mafunzo kazini hukosea: wengine hutikisa kwa woga, damu haigusi kuta zote, na vichokoo viko kwenye kuta, wengine hutikisa kama wanaofungua soda ya harusi, wakaivunja jeli iliyo chini. Chupa zinalala kwenye inkubeta kwa nyuzi 37, saa 16 hadi 24. Kesho yake tunazizungusha kwenye sentrifuji, tunavuta plazima ya juu na kuitia kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96.

Sehemu ninayoipenda ni ya mwisho. Unatia kimiminika cha rangi na kungoja nusu saa, huku vishimo vikigeuka buluu kimoja kimoja, vingine haraka, vingine kwa kusitasita. Ukitia asidi ya kusimamisha, buluu yote inageuka manjano papo hapo. Safu ya zambarau ndiyo hukolea kuliko zote. Ukizoea, unaiona kwa macho kabla mashine haijasoma. Kishimo cha zambarau kikiwa cheupe-cheupe, nasimamisha kila kitu.

Juzi kati alikuwepo mama mmoja kutoka Umoja, mtaa wa Nairobi, mwenye baridi yabisi iliyompinda vidole. Daktari alitaka kumwanzishia adalimumabu, dawa inayoziba protini iitwayo TNF. TNF ndiyo inayochochea uvimbe kwenye viungo vyake, lakini ndiyo pia inayosaidia kushikilia kuta ambazo mwili hujenga kuizunguka TB iliyolala. Tangu mwaka 2001, ripoti kutoka Marekani ziliposema TB inaamka kwa watu waliopewa infliksimabu, ndugu ya adalimumabu, hakuna daktari makini anayeandika dawa za aina hii bila kupima TB kwanza.

Alizitazama chupa zake kwenye kishikio. "Daktari, hii ya zambarau ni ya nini?" Mimi si daktari, lakini katika jiji hili koti jeupe linatosha, nimeacha kubishana.

"Hiyo ina maharagwe, mama."

"Maharagwe gani? Nyayo ama wairimu?"

Nilicheka mpaka nikalazimika kuiweka sindano chini. Akaongeza kwamba kama ni wairimu basi kipimo hicho lazima kiwe cha bei, maana sokoni hazishikiki.

Kesho yake kijani na manjano zake zilikuwa chini kabisa. Angekuwa mtu mwingine, ningeandika hana. Lakini zambarau nayo haikufika uniti 0.5 kwa mililita, na hapo jibu halali ni moja: haijabainika. Seli ambazo hazikustuliwa na maharagwe, kimya chake mbele ya TB hakina maana yoyote. Huwezi kumsifu mtu kwa kutokusema uongo ikiwa hakufungua mdomo.

Kitu cha kwanza kushuku ni sampuli, si mtu. Chupa hizi zikishatiwa damu hazitakiwi kuingia kwenye friji, na zisikawie zaidi ya saa 16 kabla ya inkubeta. Kuna kliniki moja, siitaji, ambayo kila nikiwapigia simu wananiambia wamezihifadhi "vizuri sana", maana yake kwenye friji pamoja na chanjo. Nyingine huzikusanya kutwa nzima, kisha boda boda anakwama Jogoo Road saa moja jioni, na stima nayo imepotea. Damu ya namna hiyo huleta zambarau dhaifu hata kwa mwanariadha.

Ya mama huyu niliitoa mwenyewe, ikaingia kwenye joto kabla sijamaliza chai ya saa nne. Nikampigia daktari. Nilimuuliza swali moja tu: anatumia prednisoloni kiasi gani? Kumbe dozi ilikuwa imepandishwa majuma machache nyuma ili apate kushika kikombe. Steroidi hiyo ndiyo iliyozilaza seli zake. Daktari aliagiza picha ya kifua, akaipunguza dawa taratibu, kisha akamrudisha kwangu. Safari hii zambarau ilikolea, na kijani ikavuka 0.35, kiwango ambacho juu yake jibu ni ndiyo. Ilibidi nimweleze, na nilimweleza kwa utaratibu, kwamba hiyo haimaanishi ana TB inayomla. Ina maana seli zake zinaifahamu TB, kama za Wakenya wengi wazima zinavyoifahamu. Kipimo hakitenganishi iliyolala na iliyoamka. Hiyo ni kazi ya picha, dalili na makohozi. Yake ilikuwa imelala. Alianzishwa dawa za kinga kwanza, adalimumabu ikasubiri.

Watu wa rika langu wameizoea hesabu ya CD4, zile seli T zinazoshambuliwa na virusi vya UKIMWI. Kabla ya mwaka 2016 hesabu hiyo ndiyo iliyoamua nani aanze ARV na nani angoje. Siku hizi ukipatikana na virusi unaanza, na CD4 imebaki kutuonyesha nani kaja amechelewa, hasa walio chini ya 200. Nayo ni kipimo cha seli T, ila inahesabu tu. Ni sawa na kuhesabu matatu zilizopaki stendi bila kujua ngapi zitawaka. Nimeona watu wenye hesabu ya kuridhisha ambao zambarau yao ililegea, karibu kila mara kwa sababu ya dawa. Ndiyo maana nasema vipimo hivi viwili haviwezi kuchukuliana nafasi.

Kwa watoto wachanga mambo ni mazito zaidi. Wapo wanaozaliwa bila seli T zinazofanya kazi, na kwa wiki za kwanza wanaonekana wazima kabisa. Huko Wisconsin, Marekani, tangu mwaka 2008 kila mtoto hupimwa kwa tone la damu ya kisigino lililokaushwa kwenye karatasi: wanatafuta vipande vya DNA vinavyobaki seli T inapoundwa kwenye thaimasi. Vikikosekana, mtoto hufanyiwa vipimo zaidi, kimojawapo kikiwa kile kile cha PHA: seli huachwa na maharagwe siku tatu hivi, pembeni yake zimewekwa za mtu mzima wa afya, wakitazama kama zinagawanyika. Maabara yetu haifanyi hicho. Hapa mtoto hupewa BCG punde tu anapozaliwa, nayo ni chanjo ya bakteria hai, ambayo kwa mtoto asiye na seli T inaweza kusambaa mwili mzima. Mtoto ambaye pale alipochanjwa hapaponi, kwapa limevimba, kinywa kina utando mweupe usiokwisha na haongezi uzito, anastahili mtu wa kuuliza habari za seli T zake mapema, si baada ya nimonia ya tatu.

Waliowekewa figo nao wana tatizo lao, kwani kwao tunataka seli zisinzie ili zisiishambulie figo ngeni, lakini zisizimie. Mwaka 2002 Marekani iliidhinisha kipimo kinachochokoza seli za CD4 kwa PHA na kupima nishati wanayoita ATP inayotokea humo. Maharagwe tena. Siwezi kusema kimekuwa mwarobaini. Namba moja peke yake haimwambii daktari apandishe au ateremshe dawa. Mimi naona faida yake kwenye kumfuatilia mtu mmoja dhidi ya namba zake mwenyewe za zamani.

Ombi langu kwa anayekuja kutolewa damu: taja kila dawa. Prednisoloni, methotreksati, dawa za saratani, na vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mtaani kwenye karatasi isiyo na jina, maana baadhi yake huwa na deksamethasoni, nayo ni steroidi. Hatukuulizi ili tukuhukumu. Fomu zinazoletwa kwangu nyingi hazina hata nafasi ya kuandika hayo, kwa hiyo huyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, na daktari akilalamika kwamba nimemchafulia fomu, namwambia aanze kwa kusoma huo uchafu.