Kigari cha mikate kilichogoma Uyole

Ilikuwa wiki ya Nanenane, maonyesho ya wakulima, mwaka 2023. Barabara ya Uyole, Mbeya, ilifurika magari ya kwenda Viwanja vya John Mwakangale, na kiwanda kimoja kidogo cha mikate kilikuwa na oda hadi za kukataa. Kigari chao cha kusambazia, cha umeme, mtumba kutoka Japani, kilikuwa kimegoma uani. Dereva alikuwa msibani Tukuyu tangu Jumatano ya wiki iliyotangulia, na siku zote hizo hakuna aliyekigusa.

"Fundi, betri imejaa," dereva, aliyekuwa amerudi, alinipokea hivyo. "Nilichaji mpaka mwisho kabla sijaondoka. Leo hata rimoti haifungui mlango."

Yote mawili yalikuwa kweli. Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa, ile ya volti mia tatu na kitu, inazungusha mota. Ndogo, ya volti 12, inalisha kompyuta, taa, vitasa, breki na, kubwa kuliko yote, kontakta: swichi nzito zinazounganisha betri kubwa na gari. Gari likizimwa, kontakta zinaachia na betri kubwa inabaki imetengwa. Kuzifunga tena kunahitaji umeme wa betri ndogo. Ndogo ikifa, kubwa hata ijae vipi haifikiki, na kuchomeka chaja hakusaidii kitu, kwa sababu kompyuta inayoruhusu kuchaji nayo inaishi kwa volti 12.

Tena haitoi dalili mapema. Kwenye Hiace ya dizeli betri ikichoka utaisikia stata inavyokoroma asubuhi ya baridi, unajua mwezi huu lazima ununue. Gari la umeme halina stata. Betri ndogo inaombwa ampea chache tu za kuamsha kompyuta, kwa hiyo inaweza kuzeeka kimyakimya mpaka siku moja izime moja kwa moja. Mbeya mwezi wa nane bado baridi ni kali alfajiri, na baridi inapunguza nguvu ya betri ya risasi na asidi, kama hii ndogo, hata ikiwa nzima.

Mama mwenye kiwanda alishawaita vijana wanne wasukume kigari kitoke njiani. Nikamwambia, "Shikamoo mama, waache kwanza." Gia ya kuegesha kwenye kigari kile inafunguliwa kwa umeme. Bila volti 12 magurudumu ya mbele yamefungwa, na ukilazimisha kuvuta unavunja jino la kufungia.

Mlango wa dereva tuliufungua kwa ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti. Boneti inavutwa kwa waya wa kawaida, haitegemei umeme. Mita ilisoma volti 9.1. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma kati ya 12.6 na 12.8; 12.2 ni kama nusu. Chini ya 12 imekwisha. Chini ya 10.5 imeshuka kupita kiasi, na mara nyingi kuna seli iliyokufa.

Kabla ya kumwambia mtu akanunue betri, pima kwanza kama gari lenyewe linaichaji. Bajaji iliyokuja kuchukua mikate ilitusaidia: betri yake nayo ni ya volti 12, na kuamsha gari la umeme hakuhitaji umeme mwingi. Waya mwekundu wa kubustia ulikwenda kwenye chanya, mweusi kwenye boliti tupu ya bodi, mbali na betri. Kigari kikaamka, taa ya kijani ya utayari ikawaka, na kwenye nguzo za betri ndogo mita ikapanda hadi volti 14.2. Hapo ukajua kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa, kile kinachofanya kazi ya alternata, yaani kuichaji ndogo, ni kizima. Kama ingebaki 12, ningetafuta fyuzi yake kuu kwanza. (Kinyume chake usikijaribu: usitumie gari la umeme kumbusti mwenye dizeli. Stata yake inavuta mamia ya ampea, na vifaa hivi havikutengenezwa kwa hilo.)

Tulipozima na kuwasha taa kubwa, volti zikaporomoka chini ya 11 ndani ya dakika chache. Betri ilikuwa imekufa kweli.

Safari ya sokoni Mwanjelwa ilikuwa ya kusoma herufi. Betri ya zamani iliandikwa 46B24L, ambayo madukani inaitwa NS60L. B ni kundi la upana na kimo, 24 ni urefu wa sentimita, na L inaonyesha upande wa chanya: ukisimama upande ambao nguzo ziko karibu nawe, chanya iko kulia. Ukichukua R, waya wa chanya haufiki. Muuzaji alileta yenye S mwishoni, akasema ni ileile. Kwa ukubwa wa boksi ni kweli, ila S ni nguzo nene. Kibanio cha nguzo nyembamba hakiingii, na watu hukipanua kwa bisibisi mpaka kinapasuka. Tulisubiri aitafute isiyo na S. Nilimwomba pia aipime kwa mzigo mbele yetu na nikasoma tarehe ya kutengenezwa, maana betri iliyokaa rafuni zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa imeshaanza kuota chumvi ndani, hata kama karatasi ya plastiki haijaguswa.

Kuibadilisha ni kazi ya spana namba 10. Tulihakikisha kebo ya chaja imechomolewa na kigari kimezimwa, tukafungua mlango wa nyuma na kushusha kioo cha dereva, kwa sababu umeme ukikatika vitasa havitafunguka, na ufunguo akaushika dereva mfukoni. Kisha tukangoja kama dakika tano. Kompyuta za breki haziendi kulala papo hapo, na ukizikata katikati ya kazi unaweza kubaki na taa za onyo zisizozimika. Nyaya za rangi ya chungwa hatukuzigusa. Hizo ndizo za volti mia tatu, na kazi hii haina shida nazo.

Hasi hutoka kwanza. Bodi yote ya gari ni hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa chuma, umepiga shoti yenye cheche karibu na gesi ya betri. Kwenye kibanio cha hasi kulikuwa na kisanduku kidogo cheusi chenye waya mwembamba: sensa inayohesabu umeme unaoingia na kutoka. Ile haivutwi wala kugongwa. Hasi nikaifunga kitambaa, ndipo nikafungua chanya, kisha mkanda wa kushikilia, betri ikatoka. Vibanio vilikuwa na ukoga wa kijani na mweupe. Nilivisugua kwa magadi ya kupikia maharage yaliyoyeyushwa katika maji ya moto. Yanachemka yakigusa asidi, na yakiacha kutoa povu basi imekwisha. Kausha kabisa. Betri mpya ikaingia, mkanda, chanya, hasi mwisho, grisi kidogo juu. Nguzo ni za risasi, laini: kaza hadi kibanio kisizunguke kwa mkono, basi.

Mama aliuliza kama wapakie mikate. Nikamwomba nusu saa, kwa sababu betri haifi yenyewe ndani ya siku tano.

Nilikuwa nimeona waya mbili za ziada, nyembamba, zilizobanwa juu ya nguzo za ile betri ya zamani na kupita chini ya kapeti, bila fyuzi. Nilizirudisha zilivyokuwa, nikafunga kitasa cha mlango kwa bisibisi ili kigari kidhani kimefungwa, nikangoja kompyuta zilale, nikakamata kebo ya hasi kwa mita ya kubana inayosoma umeme wa DC. Ikasoma ampea 0.03. Safi. Nilipokamata ile waya ya ziada peke yake, ikasoma 0.4.

Chini ya kiti kulikuwa na inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, ya kuchajia mashine ya EFD ya kutolea risiti. Hata mashine ikichomolewa, inveta iliyowashwa inajila yenyewe. Ampea 0.4 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 10 kila siku. Betri ya ampea-saa 45 haimalizi siku ya tano. Na kwa kuwa hasi ya inveta ilibanwa kwenye nguzo, kabla ya sensa, kompyuta ya gari haikuuona umeme huo ukitoka kabisa.

"Alifunga kijana wa simu," dereva alisema, akitazama pembeni.

Hasi ya inveta niliihamishia kwenye boliti ya bodi. Chanya ikapita fyuzi ya ampea 15 na rilei, swichi inayowashwa kwa umeme, inayoamshwa na soketi ya sigara, ili gari likizimwa inveta nayo izime. Dereva alinung'unika kwamba EFD haitachajika usiku. Nikamwambia aingie nayo ndani, jikoni kuna soketi. Saa ya dashibodi ilirudi 12:00, na kioo cha dereva kiliacha kupanda chenyewe mpaka tulipokipandisha hadi mwisho na kushikilia swichi. Betri ya zamani tuliirudisha Mwanjelwa ikiwa wima ndani ya beseni. Muuzaji aliipima kwa kilo na kukata thamani yake kwenye bei ya mpya.