Mabomba mawili ya sindano mezani

Usiku huu bado namfikiria mtoto wa miaka 4 tuliyemlaza kwa dawa za usingizi asubuhi kwa kipimo cha katheta ya moyo. Amezaliwa na tetralojia ya Fallot, kasoro ya moyo yenye tundu kati ya vyumba vyake na njia nyembamba ya kwenda mapafuni. Midomo yake ina ubuluu hata akiwa ametulia. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na hakuna mtoto wa umri huo atakayelala kimya muda wote huo kwa kubembelezwa tu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa kutoa dawa za usingizi niliamini propofoli, dawa ya usingizi ya kudunga mshipani, inamaliza kila kitu. Siku moja nikampa mtoto mwenye ugonjwa huo huo, kwa pupa. Propofoli hulegeza mishipa ya mwili, na kwake njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Damu isiyo na oksijeni ikafuata penye wepesi, ikavuka tundu la moyo na kuingia mwilini moja kwa moja. Oksijeni ikaporomoka. Mwalimu wangu hakunifokea: alimkunja mtoto magoti hadi kifuani, akaagiza dawa ya kubana mishipa ya mwili ili damu irudie njia ya mapafuni, na rangi ikarudi. Mikono yangu ilitetemeka hadi jioni.

Leo nilianza na ketamini, dawa nyingine ya usingizi. Hiyo haiachi mishipa ilegee ovyo, tena inaondoa maumivu, kazi ambayo propofoli haiiwezi. Kisha propofoli kidogo kidogo, maana ketamini ikiwa peke yake baadhi ya watoto huamka wakiweweseka. Deksmedetomidini, dawa ya kutuliza, nayo inaelewana na ketamini: yenyewe hupunguza mapigo ya moyo, ketamini huyapandisha. (Ila pale wanapopima umeme wa moyo naikwepa deksmedetomidini, kwa sababu inapunguza kasi ya umeme ule ule wanaoutafuta.)

Ninachokiogopa ni midazolamu (dawa ya kutuliza) na fentanili (dawa kali ya maumivu) kuongezwa juu kama chumvi. Kila moja kivyake mtoto anapumua. Zikikutana, pumzi hufifia kuliko ulivyojumlisha. Pumzi ikipungua, kabonidayoksaidi hupanda, mishipa ya mapafu hubana, na daktari wa moyo anasoma shinikizo la mishipa hiyo ambalo nimelitengeneza mimi. Kwa hiyo naangalia kwenye skrini mstari wa kabonidayoksaidi anayoitoa mtoto akipumua, kabla ya namba ya oksijeni. Oksijeni huchelewa kulalamika, hasa mtoto akiwa amewekewa hewa ya ziada puani.

Mstari wa leo haukuyumba. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amemvua viatu.